Nyumba ni Yangu, Ufunguo ni wa Nani?

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisita kuandika juu ya jambo hili, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa mimi ni mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, na mtu wa rika langu akianza kuzungumza habari za michezo ya watoto ya kwenye televisheni, watu humtazama kwa jicho la huruma. Ya pili ni kuwa jambo lenyewe linagusa sheria, na sheria haina masihara. Lakini yaliyotokea nyumbani kwetu yamenionyesha kwamba kunyamaza si vizuri. Huenda wako wasomaji wengine wa pwani hii ambao majumba yao yana shida hiyo hiyo, nao hawajaijua bado.

Mwaka wa 2009 shemeji yangu, aliyekuwa akifanya kazi Maskati, alirudi likizo na mizigo mingi, na miongoni mwake ilikuwamo mashine nyeupe ya michezo iitwayo Wii, inayotengenezwa na kampuni ya Nintendo ya Japani. Watoto waliruka kwa furaha. Hata hivyo aliyekuja kuipenda zaidi hakuwa mtoto. Alikuwa marehemu dada yangu mkubwa, Mola amrehemu. Mashine ile ilikuja na santuri moja ya michezo, na ndani yake mna mchezo wa kuvingirisha tufe na kuangusha vigingi. Mchezaji hushika kidude kama rimoti, akarusha mkono wake kweli kweli, na tufe likaenda katika kioo. Mwezi wa Ramadhani, wanaume wakitoka tarawehe, tulikuwa tukimkuta dada sebuleni amejifunga leso kiunoni akiwachapa wajukuu wake mmoja mmoja.

Mashine ile humtaka kila mchezaji ajifanyie kikaragosi cha uso wake. Wajukuu walimfanyia dada cha kwake, uso wa mviringo, miwani, na nywele nyeusi tititi, kwa kuwa buibui halimo katika mavazi ya Wajapani wale. Alikitazama, akacheka, akasema, “Huyo si mimi, huyo ni mimi wa kabla ya kuolewa.” Akakubali kibaki. Alicheza kwa kikaragosi hicho miaka saba, akapita pointi 1,000, na mashine ikampa daraja la weledi ambalo hakuna mjukuu aliyelifikia.

Alifariki mwaka wa 2016. Mashine ikawekwa juu ya kabati, watoto wakahamia kwenye simu zao.

Siku moja ya mwaka wa 2022 mjukuu wangu, kijana wa chuo anayesomea kompyuta, aliishusha, akaipangusa vumbi na kuiwasha. Wallahi, dada yangu alikuwamo. Uso ule ule wenye miwani. Mstari wa pointi zake ukipanda na kushuka kama milima. Na si hayo tu. Mashine ile ina ubao wa barua uliopangwa kwa kalenda, na kila siku mchezo uliochezwa huandikwa hapo wenyewe, pamoja na muda wake. Ukirudi nyuma tarehe kwa tarehe unaona: usiku huu alicheza dakika arobaini, usiku ule saa moja na nusu, halafu siku kadhaa tupu alipokuwa hospitali, halafu dakika kumi. Mwanawe, mpwa wangu, mtu wa makamo mwenye biashara zake, aliketi akitazama ubao ule, kisha akainuka pasipo kusema neno akaenda kukaa barazani.

Basi tukasema tuitunze mashine. Lakini nani anayeweza kushindana na chumvi ya bahari yetu? Baada ya wiki chache ikaanza kuganda katikati ya mchezo. Fundi mmoja wa mjini akaifungua, akaifunga, akatuambia vipuri hakuna, na hapo hakusema uongo: huko kwao Japani kwenyewe Nintendo iliacha kupokea Wii za kutengenezwa mwaka wa 2020. Duka ambalo mashine hiyo ilikuwa ikinunulia michezo kwa njia ya intaneti lilikuwa limekwisha kufungwa tarehe 30 Januari, 2019.

Nikamwuliza mjukuu wangu, “Si utoe tu hiyo kumbukumbu yake uitie katika kompyuta yako, kama tunavyotoa picha katika simu?”

Akanijibu, “Kuitoa naweza, Babu. Lakini imefungwa kwa ufunguo, na ufunguo wenyewe umo ndani ya mashine.”

Hapa, msomaji, sina budi kueleza ufunguo huo ni kitu gani, maana bila hayo utaona naleta kisa cha kulilia karagosi.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka kinyume. Tulipokuwa wadogo, tukitaka kusemezana mbele ya wakubwa, tulikuwa tukichukua silabi ya mwisho ya neno tukaitanguliza: nyumba ikawa mbanyu, kesho ikawa shoke. (Wakubwa walikuwa wakifahamu vizuri, kwani nao walikuwa watoto kabla yetu, ila wakijifanya hawasikii.) Kinyume ni kufumba maneno, na ile kanuni ya silabi ndiyo ufunguo wake. Udhaifu wake ni kuwa aijuaye kanuni amefungua kila kitu. Hata mafumbo ya maandishi yaliyo magumu kuliko hayo yalivunjwa zamani za kale, na wala si Ulaya. Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya tisa, aliandika risala akaonyesha namna ya kuhesabu herufi zinazojirudia mara nyingi mpaka fumbo likafumbuka. Wanaodhani elimu hii ilianza na kompyuta wamechelewa miaka elfu moja na zaidi.

Mafumbo ya siku hizi yamegeuza mambo. Kanuni haifichwi tena. Ile inayotumika katika Wii inaitwa AES, ilitungwa na Wabelgiji wawili, serikali ya Marekani ikaipitisha mwaka wa 2001, na kila mtu anaweza kuisoma. Kinachofichwa ni namba tu, yaani ufunguo. Urefu wake ni baiti 16, na jumla ya funguo zinazowezekana ni hesabu yenye tarakimu 39. Kompyuta zote za ulimwengu zikikaa kuzijaribu moja moja zitachakaa kabla ya kufika popote.

Sasa katika Wii mna funguo za namna mbili zinazotuhusu sisi. Upo mmoja ulio sawa katika mashine zote, na mashine hizo ziliuzwa zaidi ya milioni 101. Huo ndio unaofungulia santuri za michezo. Tena upo mwingine ambao kila mashine ina wake peke yake. Kiwandani huchomwa ndani ya chipu kuu, hauandikwi penginepo, na huo ndio unaofungia kumbukumbu za nyumba: nyuso, pointi, barua za kalenda. Chipu ikifa nao umekufa. Utabaki na kumbukumbu yako mkononi, megabaiti mia tano na zaidi, na ndani yake humo ila vurugu za herufi zisizo mwanzo wala mwisho.

Je, watu wa nje walizijuaje funguo hizo? Kisa chake chapendeza. Wii za kwanza zilikuwa na uwezo wa kucheza michezo ya mashine iliyozitangulia, iitwayo GameCube. Zikiwa katika hali hiyo ya uzee, zilikatazwa kutazama sehemu kubwa ya kumbukumbu, lakini hakuna aliyekumbuka kuifagia sehemu hiyo kwanza. Ilikuwa kama mwenye nyumba aliyefunga chumba cha ndani akaacha barua zake mezani. Vijana fulani wakachukua kibano, kibano hasa cha chuma, wakaziunganisha nyaya ndogo ndogo za saketi, mashine ikadanganyika ikawasomea kile chumba kipande kwa kipande. Humo wakazikuta funguo. Wakajiita Team Twiizers kwa ajili ya hicho kibano, na mwishoni mwa 2007, katika mkutano mjini Berlin, ilionyeshwa Wii ikiendesha programu ambayo kampuni haikuitia sahihi. Ikajulikana pia kwamba mlinzi wa sahihi ndani ya mashine alikuwa mvivu: akilinganisha namba mbili, akifika penye sifuri huona yamekwisha akasema sawa, hivyo ukimletea sahihi ya uongo inayoanza na sifuri anakufungulia mlango. Kosa hilo kampuni ililiziba mwaka wa 2008. Mafundi wakatafuta mlango mwingine.

Programu za mafundi hawa, wanaotunga kwa ajili ya mashine bila idhini ya kampuni, zina jina huko Ulaya na Marekani ambalo limetokana na pombe ya kupikwa nyumbani. Mimi nitaziita programu za mafundi wa majumbani, na mwenye kuona nimezidisha haya anisamehe.

Mjukuu wangu alitumia njia iliyotoka mwaka wa 2011. Unatia kadi katika mashine, unafungua ule ule ubao wa barua wa kalenda, na katikati ya barua zako inatokea barua nyekundu yenye picha ya bomu. Ukiifungua, mashine inakuwa yako. Nilishtuka kuiona barua hiyo imekaa jirani na siku za dada yangu, nikamwambia kijana afanye pole pole. Akapita hapo, akaweka programu ya kunakili, na baada ya muda kadi ikawa na mafaili mawili. Moja ni kumbukumbu yote ya mashine, limeitwa nand.bin. La pili limeitwa keys.bin, yaani funguo, na lina baiti 1,024 tu. La kwanza ni kubwa mara laki tano na zaidi kuliko la pili, na bila hizo funguo ni takataka.

Mwezi uliofuata mashine ilizima, haikuwaka tena.

Siku hizi dada yangu yumo katika kompyuta ya mjukuu wake. Iko programu iitwayo Dolphin inayoigiza Wii ndani ya kompyuta ya kawaida. Programu za namna hiyo huitwa emuleta. Ukiipa kumbukumbu na funguo zake, inakuonyesha ubao wa kalenda kama ulivyokuwa, na kikaragosi chenye miwani kimesimama mahali pake. Santuri yetu nayo aliinakili kutoka kwenye mashine kabla haijafa. Usiku wa Idi watoto walicheza dhidi ya pointi za bibi yao. Hakuna aliyezifikia.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa nauliza: mjukuu wangu ni mwizi?

Huko Marekani ipo sheria ya mwaka wa 1998 ambayo haikujali umeiba au hukuiba. Kosa ni kuvunja kufuli yenyewe iliyowekwa kulinda kazi ya mtunzi, hata kama mlango ni wako na ndani hujatoa kitu cha mtu. Kila baada ya miaka mitatu hukaa wakaangalia ni nani wa kuachiliwa. Wenye simu waliachiliwa mwaka wa 2010. Wenye mashine za michezo waliomba mwaka wa 2012 wakanyimwa, na mwaka wa 2021 wakapewa ruhusa ya kutengeneza kile kisomaji cha santuri kikiharibika, basi. Nasi hapa Kenya hatuko mbali. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 nayo inahesabu kuvikwepa vizuizi vya kiufundi vilivyowekwa kulinda kazi ya mtu kuwa ni kuvunja haki.

Wala haya si mambo ya vitabuni tu. Mwaka wa 2023 watu wa Dolphin walitaka programu yao itolewe bure katika duka la intaneti la Steam. Mawakili wa Nintendo wakaiandikia kampuni yenye duka, wakataja ufunguo ule wa Wii zote ambao umo katika maandishi ya Dolphin, na mpango ukavunjika. Mwezi wa Julai mwaka huo waandishi wa Dolphin wakatangaza kwamba duka wameliacha, ila ufunguo hawauondoi. Mzozo wote ule, msomaji, ni kwa ajili ya baiti 16. Hata jina lako kamili huenda likawa refu zaidi.

Mimi si mwanachuoni, na katika mambo ya dini nawaachia wenyewe. Lakini nilikaa darasani utotoni kama wengi wenu, na kuna mas-ala moja ambayo haijanitoka. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu kilichosomeshwa katika misikiti ya pwani hii vizazi na vizazi, upo mlango unaoeleza nini huingia katika mauzo ya nyumba na nini hakiingii. Ardhi huingia, na jengo, na milango iliyosimamishwa. Ndoo ya kisima haiingii, wala kapi yake, wala kitanda, kwa sababu hivyo ni vitu vya kuchukulika. Halafu linakuja suala la ufunguo. Ufunguo nao ni kitu cha kuchukulika, unatiwa mfukoni ukaenda nao sokoni. Hata hivyo kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba ufunguo wa kufuli iliyokazwa mlangoni huingia katika mauzo pamoja na nyumba. Mwalimu wetu alilieleza hili kwa kutuuliza tu: atakayenunua mlango usiofunguka amenunua nini?

Nami nauliza vivyo hivyo. Shemeji yangu alilipa fedha taslimu dukani Maskati. Hakuazima, hakukodi. Mashine ni mali yetu, chipu iliyo ndani ni mali yetu, na uso wa dada yangu kama una mwenyewe hapa duniani basi ni wanawe. Vipi ile namba iliyochomwa ndani ya chipu, ambayo ni ya mashine yetu peke yake, haifungui kitu kingine chochote ulimwenguni, ibaki kuwa ya muuzaji? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 1277, hakuijua kompyuta. Lakini kufuli aliijua, na biashara aliijua.

Ninajua ninalojibiwa. Najibiwa kwamba hiyo ni hadithi ya bibi na kikaragosi, lakini kwa kila nyumba moja kama yetu wapo maelfu wanaotaka funguo ili wacheze bure. Jibu hilo silidharau. Mtu wa Mombasa hawezi kulidharau. Sisi tuliona kaseti za taarabu zilivyonakiliwa na kuuzwa mitaani, mtunzi aliyekesha na mwimbaji aliyekauka koo wakitoka mikono mitupu, na muuzaji akiwasabahi wote wawili kwa heshima. Mwaka wa 1988, katika mkutano wake wa Kuwait, Baraza la Fiqhi la Kimataifa la nchi za Kiislamu lilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa katika sharia, na haifai kuzivamia. Hilo nalikubali kwa moyo wote. Aliyetunga ule mchezo wa vigingi alifanya kazi, na mkate wake uko humo.

Kwa hiyo siwatetei wote. Mwaka wa 2022 mahakama ya Marekani ilimhukumu Gary Bowser miezi 40 kwa kazi yake katika kundi la Team Xecuter, lililokuwa likiuza vifaa vya kuvunjia mashine za michezo ili watu wacheze nakala zisizolipiwa. Hiyo ni biashara ya wizi, ingawa nitasema adhabu ilikuwa nzito kwa mtu aliyekuwa mtangazaji wa kundi zaidi kuliko mkuu wake. Tena ipo kesi ya Yuzu, emuleta ya mashine mpya zaidi iitwayo Switch. Funguo za Switch huwekwa katika faili liitwalo prod.keys. Yuzu yenyewe haikuja na faili hilo, mtumiaji alitakiwa alitoe katika mashine yake mwenyewe. Kwa maneno, mambo safi kabisa. Lakini kampuni ilieleza mahakamani kwamba mchezo mmoja wa Zelda uliotolewa Mei 2023 ulikuwa umekwisha kunakiliwa zaidi ya mara milioni moja kabla hata ya siku yake ya kuuzwa, na waandishi wa Yuzu walikuwa wakipokea fedha za kila mwezi kutoka kwa wafuasi wao. Kesi ilifunguliwa mwishoni mwa Februari 2024, na mnamo tarehe 4 Machi walikuwa wamekubali kulipa dola milioni 2.4 na kufunga duka. Mchezo ambao mtunzi wake hajauuza bado huwezi kusema unauhifadhi kwa ajili ya kumbukumbu. Hapo siwezi kusimama upande wao.

Liko na gumu jingine, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Ufunguo wa mashine yetu ni wetu, sawa. Lakini ule ufunguo wa santuri ni mmoja kwa mashine milioni 101. Ni kama mji mzima uwe na ufunguo mmoja: ukiutoa wako ukautangaza, umetangaza wa jirani zako wote. Kampuni inaweza kusema, na kwa haki, kwamba huo hatukuuziwa sisi.

Nimeligeuza neno hilo mara nyingi. Nionavyo mimi, fundi aliyetia kufuli moja katika milango milioni 101 alijua afanyalo. Ilimrahisishia kazi kiwandani. Hasara ya urahisi wake asimtwike mnunuzi, akamwambia kwa kuwa ufunguo wako unafanana na wa wengine, basi hata wewe usiushike. Sheria itazame mtu amefungua mlango wa nani na ametoka na nini, isiutazame ufunguo wenyewe. Anayefungua santuri aliyoinunua si sawa na anayemwaga mtandaoni mchezo wa jana ili walimwengu wauchukue. Sheria ya leo inawatia wote wawili katika kapu moja, na mimi sidhani hivyo ni kwa bahati mbaya.

Maana hawa wauzaji nao tusiwaone malaika. Sony walipouza PlayStation 3 walisema mnunuzi anaweza kutia humo mfumo wa Linux akaifanya kompyuta kamili, na wako walioinunua kwa sababu hiyo. Jeshi la anga la Marekani lenyewe liliunganisha PlayStation 3 zaidi ya elfu moja na mia saba likajitengenezea kompyuta kubwa. Halafu tarehe 1 Aprili, 2010 ikaja programu mpya ya mashine ikaliondoa jambo lile. Usipoikubali programu hiyo, huchezi tena na wenzako kwa intaneti. Ni sawa na mtu kukuuzia nyumba yenye milango miwili, akarudi baada ya miaka mitatu akaujenga mmoja kwa mawe, wewe umo ndani. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, huko Berlin tena, mafundi wakaonyesha kwamba namba iliyopaswa kubadilika katika kila sahihi ya Sony ilikuwa ni ile ile siku zote, na kwa hesabu ya shuleni ufunguo mkuu wa siri ukajulikana. Januari 2011 kijana George Hotz akautangaza, akashtakiwa, na wakapatana Aprili. Aliyeuziba mlango hakushtakiwa na dola yoyote, ni wanunuzi wenyewe waliohangaika naye mahakamani kwa miaka.

Na mambo haya yanazeeka kwa haraka kuliko tudhanivyo. Taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichunguza mwaka wa 2023 ikakuta kwamba katika kila michezo 100 ya zamani iliyotoka nchini humo, 87 hainunuliki tena kwa njia ya halali. Maduka ya intaneti ya mashine mbili nyingine za Nintendo, 3DS na Wii U, yalifungwa tarehe 27 Machi mwaka huo huo. Mwenye duka amefunga, fundi hana vipuri, mashine zinakufa kwa kutu, na ufunguo ambao peke yake ungeweza kuvifungua vilivyomo ni haramu kuushika. Watu wa taifa jingine wangeandika utenzi juu ya jambo kama hili.

Ninalotaka mimi si kubwa. Wabunge wetu wakiifungua tena Sheria ya Hakimiliki, waongeze maneno machache yatakayomwachilia mtu anayefungua kitu alichokinunua ili asome kilicho chake, au akitengeneze kikiharibika, pasipo kumgawia mtu mwingine. Na masheikh wetu, ambao wameulizwa juu ya benki na bima na nyama ya mkebe, waulizwe na hili pia, kwa kuwa vijana wetu wanalifanya kila siku na hakuna anayewatenganishia kati ya mlango wao na mlango wa jirani.

Mjukuu wangu amenifanyia jambo moja nililomwomba. Mimi siamini vijiti vya kompyuta, nimeviona vikipotea katika mifuko ya kanzu. Nikamwambia lile faili dogo la funguo alipige chapa kwenye karatasi. Herufi zake zimeenea ukurasa mmoja, safu kwa safu, hazisomeki kwa lugha yoyote. Nimeikunja nikaitia katika kasha, katika bahasha moja na hati ya nyumba ya marehemu baba. Kijana aliponiona akasema, “Babu, usimpe mtu.” Nikamwambia ufunguo wa nyumba hii nimekaa nao miaka hamsini, na hajapewa mtu.